Tomisaburo Wakayama: Msee Aliyekata Watu Ile Mbaya kwa Skrini, Kisha Akacheza Baba Aliyekataa Kisasi

Kama wewe ni msee wa hip hop ya kitambo, kuna sauti ya mtoto lazima ushaisikia. Ni ile inayofungua Liquid Swords, albamu ya GZA wa Wu-Tang iliyotoka 1995. Katoto kanaongea pole pole, bila kulia, kakisimulia venye babake alikuwa mkata vichwa wa serikali na venye maisha yao yaliharibika. Ukiiskia na earphones usiku, nywele zinasimama.

Huyo baba anayesimuliwa ndiye story yetu leo. Jina lake halisi ni Masaru Okumura, lakini dunia ilimjua kama Tomisaburo Wakayama. Alidedi 1992, kabla hata hiyo albamu itoke. Wasee wengi wamemwona, wasee wachache wanajua jina lake, na nje ya Japani wengi waliomwona kwanza hawakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe. Hiyo ya mwisho tutairudia, juu hapo ndo kuna kitu.

Mtoto wa Fukagawa

Wakayama alizaliwa tarehe 1 Septemba 1929, Fukagawa, mtaa wa watu wa kawaida pale Tokyo. Mbuyu wake alikuwa msanii anayeheshimika, mwalimu wa nagauta, ule muziki unaosindikiza maigizo ya kabuki. Ala yao kubwa ni shamisen, kitu kama gitaa refu lenye nyuzi tatu. Kwa hiyo nyumba, kazi ya mtoto ilikuwa imepangwa kabla ajue kutembea: utajifunza nyimbo, utajifunza shamisen, utafuata nyayo za mzae.

Masaru alifuata, lakini roho haikuwa hapo. Akiwa na miaka kama 13 akaingia judo na hakutoka. Alipanda hadi mkanda mweusi wa dani ya nne, na kuna wakati alikuwa anaishi kwa kufundisha. Hii judo ikumbuke, itamwokoa mbele.

Alipokuwa na miaka 15, vita vilifika mlangoni. Usiku wa kuamkia 10 Machi 1945, ndege za Marekani ziliangusha mabomu ya moto Tokyo, na Fukagawa ni kati ya sehemu zilizoteketea vibaya zaidi. Asubuhi mtaa aliozaliwa ulikuwa jivu.

Miaka ya 50 alizunguka Marekani na kikundi cha kabuki, yeye na brathe yake mdogo. Waliporudi, stage ya kizamani ilikuwa imemtosha. 1955 akaingia muvi.

Brathe mdogo anawika, mkubwa anangoja

Sasa huyu brathe mdogo ndiye shida, na ndiye baraka pia. Anaitwa Shintaro Katsu. Mwaka wa 1962 alicheza Zatoichi, kipofu anayekanda watu misuli na kucheza kamari, lakini ukimguza anakupasua na upanga uliofichwa ndani ya fimbo. Hiyo kitu ililipuka. Kati ya 1962 na 1973 walitoa filamu 25 za Zatoichi. Katsu akawa staa wa nchi nzima, ganji ikaingia, na 1967 akafungua kampuni yake mwenyewe, Katsu Productions.

Na mkubwa alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya hizo hizo muvi, lakini akipigwa. Kwa ile ya pili ya Zatoichi, iliyotoka 1962, Wakayama alicheza mpiganaji wa mkono mmoja anayemwinda Zatoichi, na baadaye mnagundua ni ndugu wa damu. Hebu fikiria. Ndugu wawili wa kweli wakicheza ndugu wawili wanaotaka kuuana, mdogo akiwa ndiye staa. Wakati huo mkubwa hata alikuwa anatumia jina lingine la kazi, Kenzaburo Jo. Alirudi tena 1964 kwa Zatoichi and the Chest of Gold, akiwa mbaya, na tena akapoteza.

Baadaye alihamia studio ya Toei, akarudisha jina la Wakayama. Huko alipata riziki yake. Alicheza majambazi, wacheza kamari, wakubwa wa yakuza wa kuchekesha, na mtawa mmoja mhuni sana kwa mfululizo ulioanza 1968. Watu walimpenda. Lakini alikuwa anakaribia miaka 40, mwili umeongezeka, tumbo liko, na bado akitajwa watu wanaanza na kusema huyo ni bro ya Katsu.

Kuruka sarakasi nyumbani kwa Koike

Mwaka wa 1970 kukatoka katuni moja iliyoshika Japani yote. Inaitwa Kozure Okami, wazungu wakaita Lone Wolf and Cub. Aliyeiandika ni Kazuo Koike, mchoraji akiwa Goseki Kojima.

Story iko hivi. Ogami Itto ni mkata vichwa rasmi wa Shogun, mtawala wa Japani wakati huo. Ukoo wa Yagyu unataka hicho cheo. Wanamuua mke wake na kumwekea ushahidi wa uongo aonekane msaliti. Ogami anabaki na mtoto mchanga tu, Daigoro. Anamwekea mtoto vitu viwili chini, mpira na upanga. Akitambaa aende kwa mpira, babake atamuua amfuate mamake kwa amani. Akienda kwa upanga, wataishi pamoja kama mashetani. Mtoto anashika upanga. Tangu hapo baba anasukuma kigari cha mbao barabarani, mtoto ndani, silaha zimefichwa kila kona, na anaua kwa malipo ya ryo 500 huku akiwatafuta wale waliomharibia.

Wakayama aliisoma akachizi. Alijua hii ni yake. Shida ni kwamba Ogami wa katuni ni mtu mkavu mwenye mwili wa mbwa mwitu, na Wakayama alikuwa mnene.

Husimuliwa kwamba alijipeleka mwenyewe hadi kwa Koike kumwomba hiyo kazi, akaona jamaa anasitasita juu ya huo mwili. Basi Wakayama hakubishana. Alitoka nje, akaruka sarakasi, akatua kwa miguu, akachomoa upanga na kuuzungusha hapo hapo. Ile judo ya utotoni, pamoja na miaka yote ya upanga kwa stage na kwa studio, ikaongea badala yake. Koike akakubali.

Na nani akatoa pesa? Katsu. Brathe mdogo ndiye aliyekuwa prodyuza, na hakujiweka mbele ya kamera. Baada ya miaka kumi ya kumpiga mkubwa kwa skrini, alimpa ufalme wake.

Kisasi ndani ya kigari cha mtoto

Mwaka wa 1972 peke yake walitoa filamu nne. Ya tano ikaja 1973, ya sita 1974. Nne kati ya hizo ziliongozwa na Kenji Misumi, mtu aliyejua kupiga picha ya nyasi zikitikisika kwa upepo ukajua kuna mtu anakufa sekunde inayofuata.

Wacha niwe mkweli, hizi muvi ni noma. Damu inaruka kama bomba la maji limepasuka. Mikono inaanguka, vidole vinatawanyika, mtu anakatwa kati na bado anakuangalia. Kama una roho nyepesi, tafuta kitu kingine.

Lakini kinachoshika si damu. Ni sura ya Wakayama. Haonyeshi hasira hata mara moja. Macho mazito, midomo imefungwa, anatembea kama mtu ambaye alishakufa na mwili umebaki kumaliza kazi. Halafu akipigana, ule unene wote unapotea. Anainama, anageuka, anachomoa, na wasee watatu wako chini kabla uelewe nini imehappen. Kisha anarudi kwa kigari na kuangalia kama mtoto ako sawa. Akihiro Tomikawa, katoto kaliyocheza Daigoro, hakaongei sana, kanaangalia tu. Hao wawili wakikaa kimya pamoja, unaelewa upendo wao na bado unaogopa. Juu huyu mzae anampenda mtoto wake, na anamlea jehanamu.

Mwaka wa 1973 runinga nayo ikaanza mfululizo wake wa Lone Wolf and Cub, na Ogami akawa mwigizaji mwingine, Kinnosuke Yorozuya. Kwa Wajapani wengi waliokaa sebuleni kila wiki, huyo wa TV ndiye akawa Ogami. Na filamu ya sita ilipoisha 1974, adui mkubwa alikuwa ametoroka kwenye theluji. Ya saba haikutengenezwa. Wakayama hakuwahi kukamilisha kisasi chake.

Kaseti iliyosafiri bila yeye

Songa hadi 1980, Marekani. Jamaa wawili, Robert Houston na David Weisman, walichukua filamu ya kwanza na ya pili wakazikata. Ya kwanza walitoa kama dakika 12, iliyobaki yote ni ya pili. Wakaongeza muziki wa sinthesaiza, wakaweka Kiingereza juu ya midomo ya Wajapani, na wakabuni kitu ambacho hakikuwa kwa filamu za Wakayama: mtoto ndiye anasimulia. Wakaita Shogun Assassin, na kampuni ya Roger Corman, New World Pictures, ikaisambaza.

Sisi hapa tunaelewa hii mchezo kuliko mtu yeyote. Si tumekua na DJ Afro akiweka maneno yake juu ya muvi za watu, na ukiona ile ya kawaida unahisi imekosa chumvi? Ndo hiyo hiyo. Shogun Assassin ni rimiksi. Na ni rimiksi moto, wacha tusidanganyane.

Kwa sinema ilipita, lakini kwa kaseti za VHS ndo ikakuwa kitu. Huko Uingereza mapema miaka ya 80 kulikuwa na hofu kubwa juu ya muvi za kutisha zinazoingia majumbani bila mtu wa kuzikagua. Karao walikuwa wanavamia maduka ya kukodisha video na kubeba makaseti. Shogun Assassin ikawa kati ya majina waliyoruhusiwa kunyakua. 1984 bunge likapitisha sheria kwamba kila kaseti lazima ipitiwe na bodi ya filamu kabla iuzwe. Na unajua vijana. Ukimwambia usiangalie, ameshaitafuta. Kaseti zilikopiwa, kopi ikakopiwa tena, picha ikaharibika hadi damu ikakuwa na rangi ya chai, lakini ilisambaa.

Kutoka hapo ndo ikafika New York, kwa masikio ya RZA, akaiweka kwa Liquid Swords. 2004 Quentin Tarantino akaiingiza kwa Kill Bill: Volume 2, pale mama na mtoto wanaiangalia kabla ya kulala. Na 2019 The Mandalorian ilipotoka, yule mwindaji mkimya anayezunguka na mtoto wa kijani kwa kigari kinachoelea, wazee wote wa kaseti walicheka. Walijua huyo ni nani.

Lakini rudi kwa ile kitu nilikuambia mwanzo. Kwa Shogun Assassin, sauti ya Ogami ni ya Mmarekani. Sauti ya mtoto ni ya Mmarekani. Miaka yote hiyo wasee wa London na New York wakimwabudu huyo mzae wa upanga, walikuwa na uso wake tu. Alikatwa, akapangwa upya, akaongeleshwa. Na toleo hilo la Wakayama, la kuua bila huruma, ndilo lililobaki kichwani kwa watu.

Filamu ambayo haikupata kaseti kama hiyo

Sasa skiza. Mwaka mmoja kabla ya Shogun Assassin, yaani 1979, Wakayama alicheza filamu nyingine Japani. Inaitwa Shodo Satsujin: Musuko yo. Dairekta ni Keisuke Kinoshita, na anayecheza mke wake ni Hideko Takamine, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa Japani. Hiyo ilikuwa filamu yake ya mwisho.

Hapa hakuna upanga. Wakayama ni mzae wa kawaida mwenye kiwanda kidogo. Mtoto wake wa kiume, kijana mzuri mwenye maisha mbele, anadungwa kisu barabarani na mtu asiyemjua, bila sababu yoyote. Anakata roho mbele ya babake, na ombi lake la mwisho ni kwamba mzae amlipizie kisasi.

Yaani ni ile story ile ile. Familia imeharibiwa, baba amebaki na deni la damu, na aliyeshika hiyo nafasi ni yule yule ambaye dunia ilimjua kwa kulipa madeni ya damu na riba.

Na huyu baba anataka kuua. Muvi haijifanyi hataki. Lakini anaenda kortini, anaona sheria inashughulika na muuaji tu. Waliofiwa hawana nafasi, hawana hata senti. Mama aliyefiwa na mume, watoto waliobaki bila mzazi, serikali haiwajui. Basi mzae anauacha moyo wa kuua na kubeba kitu kizito zaidi. Anaacha kiwanda chake na kuanza kuzunguka Japani, mlango kwa mlango, akitafuta familia zingine zilizouliwa watu wao. Anasikiliza, anaandika, anakusanya, anabisha milango ya serikali. Mwili unaisha polepole, na hafiki mwisho wa safari.

Hiyo si hadithi ya kutunga. Kulikuwa na baba wa kweli, mtoto wake aliuawa 1966, na alitumia miaka yake iliyobaki kupigania fidia kwa familia kama yake. Alidedi kabla kazi iishe. Filamu ilitoka 1979, watu wakalia nchi nzima, na 1980 bunge la Japani likapitisha sheria ya kuwalipa waathiriwa wa uhalifu. Ilianza kazi Januari 1981. Siwezi kukwambia muvi peke yake ndiyo ilileta sheria. Wale waliofiwa walikuwa wamepigana miaka mingi, na mlipuko wa bomu Tokyo mwaka wa 1974 ulikuwa umewaamsha wanasiasa. Lakini ule uso wa Wakayama ulisukuma.

1980 alipewa tuzo ya mwigizaji bora ya Japan Academy kwa hiyo kazi. Si kwa upanga. Si kwa kigari. Ni kwa kucheza mzee aliyeombwa kisasi na mtoto wake mwenyewe, akachagua njia ndefu.

Angalia hesabu ya dunia hapo. Mwaka ule ule wa 1980 anapopewa tuzo nyumbani, huko Marekani uso wake unakatwa na kubandikwa sauti ya mtu mwingine ili auze damu. Moja ya hizo kazi ilizunguka dunia kwa VHS, DVD na kila kitu. Ile nyingine nje ya Japani hata mashabiki sugu wengi hawaijui.

Mvua nyeusi na mwisho

Hollywood ilimwita mara chache. 1978 alikuwa kwa The Bad News Bears Go to Japan pamoja na Tony Curtis. Kisha 1989 akaingia Black Rain ya Ridley Scott, na Michael Douglas na Andy Garcia. Alicheza Sugai, mkubwa wa yakuza wa kizamani, na jina la muvi linatoka kwa maneno ya huyo mzae. Anamweleza karao Mmarekani venye akiwa mtoto ndege zilikuja, venye walijificha chini ya ardhi, na venye walipotoka jiji halikuwako na mvua nyeusi ikaanguka. Ni sini fupi. Lakini ukikumbuka Fukagawa na ile asubuhi ya 1945, unaona huyu jamaa hakuwa anatafuta hisia mbali.

Kampuni ya brathe yake ilikuwa imeanguka 1981 na madeni makubwa. Wakayama yeye aliendelea kufanya kazi hadi moyo ukakataa. Alifariki tarehe 2 Aprili 1992, hospitalini Kyoto, akiwa na miaka 62. Katsu alimfuata Juni 1997.

Uanzie wapi

Siku hizi huna haja ya kopi ya kopi. 2016 kampuni ya Criterion ilitoa boksi la Blu-ray lenye filamu zote sita zikiwa zimesafishwa, na Shogun Assassin ikawekwa ndani kama nyongeza. Wakati huu rimiksi ndiyo imekaa pembeni ya orijino, na Wakayama ana sauti yake mwenyewe. Ni nzito, iko chini, na haina haraka.

Kama uko na usiku mmoja, angalia Baby Cart at the River Styx, ile ya pili. Ukimaliza, kabla ulale, tafuta ile ya 1979 hata kama itakusumbua kuipata. Ziangalie zikifuatana, mzae ni yule yule na maumivu ni yale yale.

Halafu utuambie hapo chini: ungekuwa huyo baba, ungeshika mpira, upanga, au ungeenda kubisha mlango wa jirani aliyefiwa?